Maharage Ndani ya Tumbo la Mnunuzi

Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa sita, ndiyo siku kila kitu kiliharibika, na walioharibu ni wakubwa, kama kawaida yao.

Kesho yake nilikuwa niondoe kilio cha mke wangu Olga. Kwetu kilio, yaani matanga, kinaondolewa mara mbili, ya kwanza baada ya mazishi na ya mwisho mwaka ukitimia, na zote mbili watu wanakula. Nikaosha sufuria yake kubwa, ile iliyopika maharage ya harusi za nusu ya mtaa wetu wa Kanyosha, nikaianika mbele ya nyumba. Sasa Jumamosi ni siku ya kazi za pamoja, na shefu wetu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, Libère, alikuwa ametangaza kila nyumba itoe takataka nje. Mi niko bondeni nazibua mtaro wao, kamio, lori la takataka, ikapita ikabeba na sufuria.

Kilio nikakisogeza hadi Jumamosi iliyofuata, nikaanza kutafuta. Nikaikuta kwenye uwanja wa kartie, imekuwa tumbo.

Kijana mmoja, Jimmy, aliyesomea sanaa, alikuwa ameokota vitu vya kamio akaunda sanamu. Kichwa pasi ya makaa, meno vifuniko vya chupa, miguu rimu za gari. Tumbo ni sufuria ya Olga, imechomelewa kwenye vyuma, mdomo juu, imejaa simu mbovu. Jina la sanamu Mnunuzi. Jimmy akanieleza kwamba watu wa leo tunanunua, tunatupa, tunanunua tena, hatushibi. Nikamwambia koti hili nimevaa ndilo nililooa nalo. Akaniomba nisimame karibu na sanamu anipige picha.

Nikaenda kwa shefu. Akasema sanamu ni mali ya kartie, Jumamosi wageni wanakuja kuitazama, na yeye mwenyewe atahutubia juu ya ubaya wa tamaa. Mezani kwake kulikuwa na simu mpya, bado na nailoni yake.

"Muzee, sufuria tu? Si ununue ingine."

Basi Jumamosi, wenzangu wakiwa kwenye kazi za pamoja, mi na jirani yangu Médiatrice tukatoa zile simu, tukasugua tumbo kwa majivu, tukamwaga humo maharage, tukawasha kuni katikati ya miguu.

Jimmy alipofika alishika kichwa. Mgeni mmoja mzungu akamuuliza kama na moshi ni sehemu ya kazi yake. Jimmy akajibu ndiyo, leo Mnunuzi anarudisha alichokula. Wageni wakapiga makofi. Watu wangu wa kilio, niliowaambia waje uwanjani na viti vyao, wakapiga pia, wakidhani ni ya marehemu.

Nikasimama kuwashukuru waliomzika Olga. Nikafuta macho kwa mkono wa koti. Moshi ule.

Hotuba ya tamaa haikufika mwisho, maana Médiatrice alikuwa ametia mawese na vitunguu, na shefu akawa wa kwanza kwenye sahani. Alikuwa kwenye ya pili mzungu aliposema wameipenda sanamu, wanaipeleka Ulaya, haitarudi. Shefu akakubali kwa kichwa, mdomo umejaa. Hapo nikamuuliza mbele ya wote, naye mpaka leo bado anatafuna:

"Shefu, kilio cha mwisho cha Olga ni mwaka kesho. Mi nitapikia wapi?"