Vidonge Ndani ya Unga

Trizah alifika ofisi ya vifurushi, Malindi, kabla ya zamu yake ya kufua mashuka hotelini. Alibeba kopo la unga wa muhogo la kumtumia mama yake, Mwikali, kule Kitui. Katikati ya unga kulikuwa na vidonge sitini vya kifafa vya kaka yake, Kioko. Vilivyobaki nyumbani vilikuwa vya siku tatu. Mara ya mwisho Kioko alipokosa dawa aliangukia moto jikoni, na mkono wake wa kushoto haukunyooka tena.

Mwaka uliopita vifurushi viwili vilifika vimefunguliwa, dawa haimo. Ndipo Kavumbi, mama kutoka Takaungu anayefua naye, alipomfunza.

"Vitoe kwenye pakiti, mwanangu. Vifunge kwenye nailoni, uvizike kwenye unga. Mwizi hana haja na unga."

Tangu hapo dawa ilifika kila mwezi.

Asubuhi hiyo kulikuwa na tangazo jipya ukutani: kila kifurushi kifunguliwe, kutafuta dawa za kulevya. Ngumbao, karani aliyemzoea, alimwomba afungue kopo.

"Ni unga tu, kaka."

"Najua, dada. Jana nimevunja maandazi ya shangazi yangu mwenyewe, moja moja."

Akaingiza kijiko. Nailoni ikaibuka.

"Kumbe wauzaji wenyewe ndio hawa," mwanamume mmoja kwenye foleni akasema.

Trizah alitoa karatasi ya daktari. Ngumbao aliisoma mara mbili, kisha akavitazama vile vidonge vyeupe.

"Dawa yenye karatasi inaruhusiwa," alisema. "Ungeileta kwenye pakiti yake, ningeipiga muhuri sasa hivi. Lakini hii haina jina, tena imefichwa. Ikishafichwa haiko mikononi mwangu. Inakwenda Mombasa kupimwa, siku kumi na nne."

"Ana ya siku tatu."

"Nimekusikia."

"Nilificha kwa sababu ilikuwa inaibwa."

"Hilo nalo nalijua, dada." Hakuinua macho. Alikuwa akijaza fomu, na alipomaliza akaibana pamoja na ile karatasi.

"Basi nirudishie karatasi nikanunue nyingine."

"Inakwenda na vidonge. Bila hiyo watasema si dawa."

Duka la kwanza la dawa waliuliza karatasi ya daktari. La pili pia. Kwenye kliniki anakomchukulia Kioko dawa kila mwezi, muuguzi alifungua daftari akamwonyesha: dawa ya Kioko ya mwezi huu ilikwisha kuchukuliwa, na daktari wa kuandika upya angekuja baada ya wiki mbili. Trizah alishukuru, akarudi kwenye mashuka. Kavumbi aliposikia alichukua nusu ya rundo la Trizah akalifua yeye.

Siku ya sita Trizah alimpigia mama yake. Kioko alikuwa ameanguka mara mbili, Mwikali alisema, lakini uani, kwenye mchanga.

"Moto nimeuzima. Tangu dawa ilipoisha siwashi."

"Mnakula nini?"

"Maembe. Jirani anatupa maziwa."

"Na kifua chako, mama, na baridi hiyo ya asubuhi?"

"Najifunika."

Upande wa pili Trizah alisikia kitu kikizibwa kwa kitambaa, kikohozi labda.

"Unga nao umebaki huko?" mama aliuliza.

"Umebaki."

"Haidhuru. Nao ungetaka moto."