Haja ya Mheshimiwa

Gopinathan alipokiweka chini kikombe cha kahawa bila ya kukitia mdomoni, Bi Ghanima alijua kuna jambo. Mtu huyu akiijua ada. Zamani alikuwa fundi cherehani hapa hapa Ibra, Oman, akiwashonea watoto wa Bi Ghanima kanzu na kula nyumbani mwao. Akijua kwamba mgeni asiyegusa kahawa ana haja, na muungwana humtimizia ndipo anywe.

Sasa bwana mkubwa. Alirudi kwao Kerala, India, akaingia chama cha wafanyakazi, akakihama, akaingia cha matajiri, akakihama na hicho, mpaka akapata kiti katika bunge la jimbo. Kila akihama hulia mbele ya kamera. Bi Ghanima akimtazama kwenye simu ya bintiye Reem na kusema, "Khaa! Machozi ya huyu hayana hata chumvi."

"Kunywa, sheikh," akasema mumewe, Humaid, kifua mbele. "Haja yako imekwisha."

Hata hajaisikia! Wanaume wa mkoa wetu huu wa Sharqiyah, sifa zitawaua.

Gopinathan akanywa, akakitikisa kikombe kuonyesha kimetosha, ndipo akasema. Maiti ya Rajan isiondoke keshokutwa kama ilivyopangwa. Ingoje wiki nzima, amalize ziara yake, wasafiri pamoja. Uchaguzi umekaribia, na waandishi watakuwepo kiwanja cha ndege huko Kerala.

Rajan alikuwa dereva wao. Alianguka shambani Mudhaibi, moyo ukasimama, na bila ya idhini ya Humaid, mwajiri wake, maiti haitoki. Mama yake humpigia Bi Ghanima simu kila asubuhi. Kiarabu chake ni neno moja tu, alilofunzwa na mwanawe: "Mata?" Lini?

"Na mama yake je?" akauliza Bi Ghanima.

"Atanielewa. Nitamkumbatia mbele ya watu."

Bi Ghanima alitoka ukumbini. Mgeni alipoondoka akamvaa mumewe. "Baba Reem, unamweka mtoto wa watu kwenye barafu kwa sababu ya picha?"

"Nimeshatoa neno," akasema Humaid, macho chini. Aibu imemshika, lakini neno ni neno. "Wa kunifungua ni yeye mwenyewe."

"Basi atakufungua."

Asubuhi yake Wahindi wa Kerala walimfanyia Gopinathan hafla kwenye ukumbi wa harusi. Bi Ghanima akaenda, akakaa mbele kabisa. Mheshimiwa, mashada ya maua yamemfika masikioni, akamletea chai kwa mkono wake, kamera nyuma yake. "Mama yangu wa Ibra!"

Bi Ghanima akaiweka mezani, akafumbata mikono.

Gopinathan akaelewa, jasho likamtoka. Akajichekesha. "Kunywa, mama, chai inapoa."

"Ajabu! Jana ada mheshimiwa aliikumbuka, leo kaisahau," akasema Bi Ghanima kwa Kiarabu, ukumbi mzima usikie.

Kisha Basheer, muoka mikate, akaweka kikombe chake chini. Na wa pembeni yake. Madereva, vinyozi, mafundi, wote wamekunywa kahawa kwenye nyumba za Waomani miaka na miaka, na ada wanaijua. Vikombe vikashuka meza hadi meza, na kamera inapiga.

"Kunywa, mama," akasema Gopinathan, jicho kwenye kamera. "Haja yako imekwisha."

"Mfungue mume wangu. Rajan aondoke kesho, bila ya wewe."

"Nimemfungua."

Mungu wangu, laiti angenyamaza hapo! Aligeukia kamera, machozi tayari, akahutubia kwa lugha yao. Basheer akamfasiria Bi Ghanima, kichwa kimeinama: eti matajiri wa hapa walimzuia kijana maskini, mpaka yeye Gopinathan akaja kumpigania, na kesho Rajan anarudi kwa mama yake.

Wengine wakapiga makofi. Makofi!

Bi Ghanima akaitazama ile chai. Haja imetimizwa, na ada ni ada. Akainywa yote, na kila funda lilimtia kinyaa.

Simu ikalia mkobani.

"Mata?"

"Bukra, mama," akasema, akijifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Kesho. Anakuja kesho."