Krismasi ya Wanawake

Siku ya Epifania, Januari 2015, theluji ya Buffalo, Marekani, ilikuwa imefika madirishani. Angelika alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kiwandani, hata koti hajavua, mlango ukagongwa. Alikuwa Nora, bibi wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Ireland, umri miaka themanini na ulimi haujazeeka.

"Usivue koti, twende kwangu," alisema. "Leo ni Krismasi ya Wanawake. Kwetu, mama hashiki mwiko siku hii. Wanaume wanapika na kuosha vyombo, sisi tunakaa tunakula keki."

Angelika alimtafsiria mumewe huku akicheka, maana jibu alilijua. Tangu wafunge ndoa, miaka saba sasa, Sylveri hakuwahi hata kuchemsha maji.

Sylveri alijikuna kidevu. "Hiyo ni desturi ya kanisa?"

"Ni ya kina mama wa kwao."

"Basi nenda."

Akaenda, lakini moyo ulibaki juu. Kwa Nora alikuta wanawake wengine watatu na keki ya zabibu kavu. Nora aliwasimulia jinsi baba yake, mfuga ng'ombe, alivyokuwa akifunga mapazia siku hiyo, majirani wasimwone amevaa aproni. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Angelika alicheka nao, ila kila mara alitega sikio juu: sufuria zangu jamani!

Aliporudi saa kumi na mbili jioni, alimkuta binti yao Zita anakula ugali na maharage ya mawese. Akaonja. Akaonja tena.

"Umemwita dada Agata wa kwaya yetu akupikie?"

"Nimepika mwenyewe."

"Sylveri, usinitanie."

"Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, mama aliugua miaka miwili," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyewapikia wadogo zangu. Wenzangu wakaniita msichana. Nikaapa nikioa sitagusa mwiko tena."

Angelika alishika kiuno. "Kwa hiyo miaka yote hii unaniangalia tu nikiunguza maharage?"

"Hayakuwa yanaungua sana, mke wangu."

Angelika alicheka hadi machozi yakamtoka, akavuta kiti, akasogeza sahani. Alikula, akaomba nyongeza.

"Na vyombo?" Sylveri aliuliza.

"Si umesikia desturi?"

Sylveri akakunja mikono ya shati, akafungua bomba, akaanza kuimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya.