Pigo Moja Zito, Matatu Mepesi

Nilianza kwa kuona kidole gumba cha mguu. Kila dada Severa alipokaribia kukosea neno la Kiingereza, kidole kile kilinyanyuka.

Jirani yetu hapo Kariakoo, Mwalimu Tarsis, alimfundisha uani huku mimi nikitwanga mahindi. "Likate neno vipande, Severa. Kisha tafuta kipande kimoja kibebe mzigo. Mdogo wako akupigie."

Nikapiga mchi: pigo moja zito, matatu mepesi. A-gri-kal-cha. Dada akaitupa nguvu yote nyuma, kwenye kal, kama tulivyozoea kusema sisi kwa Kiswahili.

"Ng'ombe huyo unamvuta mkia!" Mwalimu akacheka.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mikono yangu iliyajua maneno yote thelathini ya usaili.

Kazi aliyoiomba dada ilikuwa ya kupokea simu katika ofisi moja ya Posta. Dada akiikosa, tungerudi Masasi sote wawili. Mwaka ule wasio na kazi walikuwa wanasakwa mitaani na kurudishwa vijijini.

Siku ya usaili nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango pamoja na Zena, binti wa Buguruni ambaye zamu yake ilikuwa inafuata. Alinimegea kashata yake.

"Unahangaika nini, shoga? Anayeulizwa dada'ako, si wewe."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Dada alisoma vizuri, neno baada ya neno. Kisha akakwama. Chini ya meza nikaona kidole kinanyanyuka.

Nikagonga benchi kwa konzi. Moja zito, matatu mepesi.

"Agrikalcha," dada akasema, sawasawa kabisa.

Karani aliyekuwa anamsaili akatoka mbio. "Nani anapiga ngoma hapa?"

Mikono yangu ilikuwa imeshaingia ndani ya khanga. Mkono wa Zena ulikuwa juu ya benchi, unakung'uta makombo ya kashata.

"Ni wewe! Unampa mwenzako majibu? Nenda nyumbani, ndugu. Wewe hatukuulizi tena."

"Mimi? Wallahi sijagonga kitu!" Zena akanigeukia. "Mwambie basi, shoga. Si ulikuwepo? Mwambie!"

Nilitazama sakafu mpaka mlio wa nyayo zake ukaisha kwenye ngazi.

Dada alipata kazi, tukabaki mjini. Nilimwona Zena mara moja tu, Mnazi Mmoja, ana ndoo ya maandazi kichwani. Nikavuka barabara.

Zena, ni mimi niliyegonga.