Ng'ombe wa Watiri Hauzwi

Ngendo aliuza dawa za mifugo Mukurweini, na kwa hiari yake alisimamia kundi la wafugaji kwenye Facebook, lenye watu elfu kumi na moja. Siku moja mtu aliyejiita Daktari Peterson alitangaza humo mitamba wenye mimba kwa bei ya kutupa, mradi mnunuzi atangulize nauli ya lori.

Ngendo alipoitazama picha ya tangazo, alimtambua ng'ombe wa mteja wake Watiri kwa sikio lililochanika. Akampigia simu Watiri, mjane wa Kianyaga.

"Umeamua kuuza ng'ombe?"

"Ati nini? Niko naye hapa, namkamua!"

Ngendo akalifuta tangazo na kumfukuza Peterson. Badala ya shukrani, alimwagiwa matusi: ana wivu, anawanyima watu riziki. Peterson akarudi kwa jina jingine, Ngendo akamtoa. Akarudi tena. Mara ya tatu alifungua akaunti yenye jina na picha ya Ngendo mwenyewe, akaendelea kuwala watu pesa.

Mzee Gicheru, mkulima wa kahawa, alifika dukani amejaa uchungu. "Hata wewe, Ngendo? Nimetuma pesa kwa sababu ya jina lako."

Kabla Ngendo hajamjibu, Kahiga, mwanzilishi wa kundi, akapiga simu. "Jiuzulu kimya kimya, mambo yapoe."

"Nikijiuzulu nitakuwa nimekiri. Sitoki!"

Akafunga duka, akamwomba Mzee Gicheru waandamane hadi Kianyaga akajionee ng'ombe wa tangazo. Huko, zizini kwa Watiri, alirusha video moja kwa moja kundini.

"Ngendo ni mimi. Duka langu mnalijua. Mwizi wenu je, mnajua anakaa wapi?"

Watiri akasogea na ndoo yake ya maziwa. "Ng'ombe ni huyu, na hauzwi. Aliyesema namuuza aje aniambie hapa!"

Mzee Gicheru akavua kofia. "Mimi nimeibiwa. Sioni haya kusema. Nani mwingine?"

Majibu yakaanza kumiminika. Watu ishirini na sita waliokuwa wameficha aibu yao walitaja nambari walizotumia pesa. Ngendo aliziandika zote, na kesho yake yeye na Mzee wakazipeleka polisi. Pesa hazikurudi. Kahiga hakutaja tena kujiuzulu.

Jioni ya siku waliyotoka polisi, ujumbe uliingia kwenye simu ya Ngendo: "Nitakumaliza."

Aliubandika juu kabisa kundini, pamoja na nambari ya mtumaji, akaandika chini yake: "Nafungua duka saa mbili asubuhi. Aje."