Pasi Moja, Mageti Manne

Pasi ilikuwa moja na wake walikuwa wawili, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Kampuni ya kununua mashamba ilimpa kila mwanachama pasi moja, kipande cha karatasi ngumu cha kupandia trela ya trekta kutoka Eldoret mjini na kuingilia mashamba manne yaliyopakana kule juu, upande wa Chepkoilel, ambayo wazungu walikuwa wanayaacha baada ya uhuru. Kila getini mlinzi alitoboa tundu. Tundu la geti likishatobolewa, huwezi kuingia hapo tena. Thuo, mume wao, alikuwa amevunjika mguu akishusha magunia ya ngano, kwa hiyo karani akaandika kwenye pasi "Mke wa Thuo" akaona amemaliza. Hakuuliza mke yupi. Vijana wa ofisi hudhani kila mzee ana mke mmoja kwa vile wao wana kalamu moja.

Wake wakagawana. Wacera, mkubwa, angeona mashamba mawili siku ya kwanza. Nyakio, mdogo, mawili yaliyobaki kesho yake. Thuo aliwaambia walete jina la shamba moja kabla ya Jumamosi. Wakishindwa kupatana, kampuni ingewatupa popote palipobaki, na kila mtu pale Kiplombe walikoishi alijua kinachobaki ni mawe.

Wacera alitaka maji, basi. Miaka ishirini na sita kwenye kambi za vibarua alikuwa amebeba maji mgongoni, kamba kichwani, mpaka kamba ikamchimbia mfereji kwenye paji la uso unaotosha kupandwa maharagwe. Nyakio alitaka barabara, afungue duka.

Shamba la kwanza, kwa mzungu ambaye vibarua walimwita Kipara, lilikuwa vumbi na upepo. Trela ikamrusharusha Wacera hadi la pili, kwa mwingine waliyemwita Meno, akashuka kiuno kikiwa si chake. Mwenyewe alikuwa ameshaenda kwao Ulaya, nyumba akamwachia mpishi wake, Phineas, ailinde. Phineas alimkaribisha barazani, na ukutani Wacera akaona mbao mbili ndefu nyembamba, ncha zimekunjwa juu. Akauliza kama ni za kuvunia.

Phineas akasema ni viatu. Kwao Meno kuna milima ya barafu, na mtu hununua kadi moja tu, ikamfungulia milima yote ya jirani. Anakalia kiti, waya inamvuta mpaka kileleni.

"Na huko juu kuna nini?" Wacera akauliza.

"Hakuna kitu, mama. Anavaa hizi, anateleza kurudi chini. Halafu anapanda tena."

Wacera akazitazama zile mbao kwa muda. "Na hawa ndio walikuwa wanatuambia sisi tunapoteza wakati."

Nyuma ya jikoni palikuwa na chemchemi. Maji yalitoka chini ya jiwe bila kuombwa. Wacera akatembea toka mlangoni mpaka pale, akarudi, akatembea tena. Barabara tu ndiyo ilikuwa mbali, na Phineas alikiri kwamba mvua ikinyesha hata punda hukataa.

Akirudi kwenye trela alipanga uongo wake. Kwa miaka kumi na mmoja, alichokisifu Wacera, Nyakio alikikataa. Akisema chumvi imezidi, mwenzake anaongeza. Kwa hiyo angemponda Meno na kumsifu Kipara, na Nyakio mwenyewe angemkimbilia Meno. Ilikuwa kazi rahisi. Aliwahi kumwoza binti yake Mwihaki kwa njia hiyo hiyo.

Kesho yake jioni Nyakio alirudi mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kusaga unga. Akaketi jikoni bila kusalimu, akanyoosha miguu. Akasema la tatu limejaa miamba. La nne lipo barabarani kabisa, magari yanapita ukiyaona, lakini mto uko bondeni, mwendo wa saa nzima.

Wacera akamkazia macho. Huenda na huyu alikuwa na mpango wake.

"Mama Gerishon, unaniambia kweli ama unanichezea?"

"Nimechoka, Mama Mwihaki. Hata kudanganya kunataka nguvu."

Wacera akafungua mdomo amponde Meno, na maneno hayakuja. Yalikuwa yamepangwa vizuri, yakakataa kutoka, kama punda wa Phineas. Akajikuta anasema yote: chemchemi, na barabara pia, na tope lake. Alipofika kwenye tope alijua amejiharibia.

Nyakio akajikanda magoti.

"Toka jikoni mpaka kwenye maji ni hatua ngapi?"

"Arobaini. Nilihesabu mara mbili."

"Na mzigo mgongoni?"

"Hamsini."

Nyakio akainuka, mkono kiunoni, akaingia kwa Thuo. Wacera akamsikia akimweleza mume wao kwamba amefikiri sana, na kwamba la kununua ni kwa Meno, maana maji yako hatua thelathini tu kutoka mlangoni, na duka linaweza kungoja mpaka serikali ilete barabara. Thuo akamsifu kuwa ana macho makali.

Wacera alikuwa na la kusema, na lilikuwa zuri. Lakini alikuwa ameshavua viatu, na toka pale mpaka mlango wa Thuo zilikuwa hatua tisa.