Drili ya Watiri na Linta ya Mama Kim

Watiri, Mama Wendy kwa majirani, alikuwa fundi wa mapazia pale Gatitu, na mdomo wake ulijaa maswali kama kiondo cha siku ya soko. Kushona alikujua. Kutoboa ukuta ndiko hakukujua, na kazi hiyo siku zote alimwachia Wambugu, mwenye drili ya waya. Lakini nyumba mpya ya mteja wake Mama Kim ilikuwa upande wa juu ambako stima haijafika, na drili ya waya bila stima ni pambo tu.

Jumamosi, kina mama ishirini wa kikundi wangefika huko na itega, zile zawadi za nyumba mpya, wakiimba, wamebeba kuni, unga na sufuria za kumpongeza mwenzao. Kila mmoja wao ana nyumba, na kila nyumba ina madirisha. Pazia moja likianguka mbele ya macho yale, Watiri angepoteza wateja wote siku moja, na aliogopa kweli.

Basi Alhamisi alishuka Nyeri mjini kujinunulia drili ya betri. Alikuwa na shilingi elfu saba mfukoni na jiwe kwenye kiondo.

Jiwe alilitoa kwenye mabaki ya ujenzi wa Mama Kim. Huku kwetu mtu akikuonyesha nyumba yake, kwanza atakuambia mawe yalichongwa wapi, ndipo akukaribishe ndani. Watiri alijua wauzaji hujaribia drili kwenye kipande cha mbao laini, na mbao laini hata kijiko kitaitoboa. Yeye hangedanganywa. Duka la kwanza walimcheka, la pili wakamwambia ukitoboa umenunua. La tatu lilikuwa la Karwitha, mama mmoja wa kutoka Meru, aliyevaa miwani juu ya kitambaa cha kichwa.

"Nataka drili yenye inaweza hii," Watiri alisema, akalitua jiwe juu ya kaunta.

Karwitha hakucheka. Alitoa drili mbili. Moja ilikuwa kubwa, nyekundu, na betri mbili zilizoandikwa 88 kwa tarakimu za kuonekana ng'ambo ya barabara. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kijani, na betri moja.

"Hii kubwa ndio watu wanapenda. Lakini shika betri yake, halafu shika ya hii ingine."

Watiri akashika moja huku na nyingine huku, kama mtu anayechagua parachichi. Ile ya 88 ilikuwa nyepesi ajabu.

"Sasa mbona kubwa ni nyepesi?"

"Namba ni ya kuandika tu, mama. Uzito huwezi andika."

Hapo Watiri alisahau hata njaa. Kuuliza si ujinga, naye aliuliza kila kitu. Akaonyeshwa jinsi ncha ya ile nyekundu ilivyochora kaduara ikizunguka, badala ya kusimama mahali pamoja. Akaonyeshwa kialama cha nyundo kwenye shingo ya ile ya kijani. Ukiizungusha hapo, drili hugonga huku ikitoboa. Akaijaribu kwenye jiwe, na jiwe likatoboka. Alifurahi, akaanza kutafuta pesa mfukoni.

"Ngoja kwanza," Karwitha alisema. "Pazia inashikwa wapi?"

"Juu ya dirisha."

"Na juu ya dirisha kuko na jiwe?"

Watiri aliliangalia jiwe lake. Juu ya dirisha kuna linta, ule mkanda wa zege wenye vyuma ndani. Alikuwa amelibeba kutoka Gatitu jiwe ambalo hangelitoboa hata mara moja. Aliona haya, halafu akacheka mpaka akashika kaunta.

Karwitha akampeleka nyuma ya duka, palipokuwa na mlingoti wa zege uliovunjika. Debe tupu haliachi kuvuma: ile nyekundu ilipiga kelele, ikatoa harufu ya kuungua, ikaacha alama tu. Ile ya kijani ilienda polepole, ikigonga na kunguruma, mpaka ikafika ndani kabisa.

"Ni hii," Watiri alisema.

"Ni hii, lakini nikuambie ukweli. Konkriti inakula betri. Mashimo nane hivi, halafu inalala."

Madirisha yalikuwa saba, kila moja mashimo manne. Watiri alilipa.

Ijumaa betri ililala mara mbili. Kila mara aliteremka nayo hadi kwa kinyozi wa barabarani kuichaji, akasubiri, akapanda tena. Jioni ilipofika ikalala mara ya tatu, dirisha moja la sebuleni likiwa bado tupu.

"Si upige tu misumari kwa plasta," Mama Kim alimwambia. "Nani atajua?"

Watiri alikuwa amechoka, na nyundo ilikuwa karibu. Aliisukuma kando. "Hapana, Mama Kim. Nitakuja kesho mapema."

"Ati kesho? Na kesho ni wageni!"

Lakini Jumamosi kinyozi alichelewa kufungua. Nyimbo zilipofika langoni, Watiri alikuwa bado juu ya ngazi, akitoboa shimo la mwisho. Kina mama waliingia sebuleni wakamkuta akikaza chuma cha pazia na kulitundika, nywele nyeupe kwa vumbi. Akashuka bila kumtazama mtu.

Chini ya dirisha lile akaketi Cucu, mama mkwe wa Mama Kim. Nyimbo zilimpanda, akataka kuinuka acheze. Fimbo ilikuwa mbali. Cucu akashika pazia kwa mikono miwili, akajivuta kwa uzito wake wote.

Wimbo ulikatika. Watiri akafumba macho.

Alipoyafumbua, Cucu alikuwa amesimama wima. Alilitazama pazia kwa udadisi, akalivuta tena kwa nguvu zaidi, makusudi. Halikusogea.

"Hii imeshika," Cucu alisema, akaanza kucheza.

Mama mmoja akatua mzigo wake wa kuni. "Mama Wendy, kwangu utakuja lini?"

Watiri aliichomoa betri kwenye drili, akaiinua juu.

"Nikimaliza kuchaji," alisema.